Wanachama hawaji kikaoni: jibu kwa katibu wa tawi

Swali limetoka kwa daktari kijana, katibu wa tawi la chama cha madaktari katika mkoa mmoja wa Nyanda za Juu Kusini. Nalifupisha: "Shikamoo Dokta. Nina miaka minne tangu nimalize utarajali, ule mwaka wa mazoezi ya kazi hospitalini baada ya chuo, na mwaka huu wenzangu wamenichagua kuwa katibu wa tawi. Orodha yetu ina madaktari zaidi ya sitini, lakini kikaoni wanakuja wanane au tisa, tena walewale. Ada hailipwi. Vijana wanasema hawaoni faida ya chama, mabingwa wanasema vijana wa siku hizi hawafundishiki. Tumefikiria kuanzisha mpango wa ulezi wa kitaaluma: kila kijana apangiwe bingwa mmoja, wajaze fomu kila mwezi. Je, mpango huo utawarudisha wanachama? Na mimi nisiye bingwa nitawaongozaje watu walionifundisha?"

Marahaba, Daktari. Nianze na zile fomu: usizipeleke steshenari kwanza.

Nimeona mipango ya namna hiyo ikizaliwa na kufa katika hospitali zaidi ya moja. Mwezi wa kwanza orodha inabandikwa ubaoni, kijana huyu kwa bingwa yule, na kila mtu anaipiga picha. Mwezi wa pili fomu anajaza kijana peke yake, bingwa anasaini akiwa anaelekea kwenye gari. Mwezi wa tatu katibu anakumbusha kwenye kundi la WhatsApp, anajibiwa kwa vidole gumba viwili. Hapo wala si uvivu wa mtu. Watu wawili wamekutanishwa na karatasi, hawana kazi ya pamoja mikononi, sasa wakikaa wazungumze nini? "Malengo yako ya miaka mitano ni yapi?" Kijana aliyetoka zamu ya usiku hana malengo ya miaka mitano, ana usingizi.

Wala usidhani ni mkoa wako tu. Mwaka 2006 JAMA, jarida la chama cha madaktari wa Marekani, lilichapisha mapitio ya tafiti kuhusu ulezi katika taaluma ya udaktari, na yakaonyesha kuwa chini ya nusu ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na mlezi. Katika baadhi ya fani, hata miongoni mwa walimu wenyewe waliokuwa na mlezi hawakufika asilimia 20, na wanawake walisema kumpata kwao ni kugumu zaidi. Tafiti hizo nyingi zilitoka Marekani, kwenye vyuo vyenye mabingwa wa kutosha na ofisi zenye viti viwili. Sisi tuna bingwa mmoja wa upasuaji anayehudumia mkoa mzima, na Jumamosi yuko kliniki yake binafsi akitafuta ada ya shule ya watoto. Ukimpangia vijana saba kwa barua yenye muhuri, utakuwa umemwongezea mzigo tu.

Hata hivyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni ndiyo. Ulezi utawarudisha wanachama, na sioni kingine kitakachowarudisha, ila sharti uanzie mahali kazi inapofanyika. Kikao cha chama ni mahali pa mwisho pa kumtafuta daktari. Mtafute wodini, chumba cha upasuaji, au kituo cha afya alikopangiwa peke yake.

Nikupe usiku mmoja wa kawaida ili tuelewane. Mama amefanyiwa upasuaji, mtoto ametoka na amelia, lakini mfuko wa uzazi umelegea na haukazi. Oksitosini, dawa ya kuukaza, imeshaingia. Mtu wa usingizi anataja presha inavyoshuka, na chombo cha kufyonzea kinajaa damu. Daktari kijana ameusoma kitabuni mshono wa B-Lynch, ule wa kuubana mfuko wa uzazi ili damu ikome, hajawahi kuushona. Anampigia bingwa wake. Bingwa wa aina ya kwanza anafika, anamsogeza kwa kiwiko, anashona upesi, mama anapona, na anaondoka akiuliza vyuoni siku hizi mnafundishwa nini. Bingwa wa aina ya pili anafika, ananawa, anavaa, kisha anakwenda kusimama kushoto kwa mgonjwa, upande wa msaidizi. Anaukamata mfuko wa uzazi kwa mikono miwili na kuukandamiza, damu inapungua. "Nimeshika mimi, una muda," anamwambia kijana. "Ingiza sindano sentimita tatu chini ya mkato, sentimita tatu kutoka ukingo wa kulia. Haya." Kijana anashona, vidole vinatetemeka. Akikosea anazuiwa mkono, hapigiwi kelele mbele ya wauguzi. Asubuhi, kwenye kikao cha ripoti, bingwa yuleyule anamwambia mganga mfawidhi: "Mshono wa jana aliushona huyu," na anamtaja kwa jina.

Mama amepona mara zote mbili. Lakini usiku ujao bingwa akiwa safarini, kuna hospitali moja kati ya hizo mbili ambako atapona tena.

Angalia pia ile asubuhi. Kufundisha kuliishia chumba cha upasuaji, ila kumtaja kijana mbele ya mkubwa wake ni huduma nyingine, na ndiyo tunayoisahau zaidi. Nafasi ya masomo ikitokea, au wizara ikitaka daktari wa kwenda kozi fupi ya huduma za dharura, linaloandikwa ni jina ambalo mtu fulani mzito amelisema. Kijana wa kituo cha pembezoni hana wa kumsema. Tawi likiifanya kazi hiyo tu, ya kuwajua vijana wake kwa majina na kuwasema kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, kwa vyuo na kwa mabingwa wa hospitali ya kanda, litakuwa limempa mwanachama kitu ambacho hawezi kukipata akiwa peke yake.

Sasa utaanzaje? Mimi ningeanza na kikao kimoja cha kesi kwa mwezi, hospitalini, siku ya kazi, saa nane na nusu mchana kliniki zikishapungua. Usikipeleke hotelini Jumamosi. Kesi ziwe mbili tu, na bingwa atangulie na kesi iliyomshinda yeye: mgonjwa aliyemkosea utambuzi, au upasuaji alioufanya saa nne baada ya wakati wake. Kisha kijana alete ya kwake. Huo mpangilio usikubali ubadilishwe hata kwa sababu ya protokali. Kijana akitangulia, kikao kinageuka mtihani wa mdomo, mabingwa wanauliza maswali ambayo majibu wanayajua, na mwezi ujao hutaona kijana. Bingwa akitangulia, akasema wazi "hapa nilichelewa," chumba kizima kinapumua.

Kuna vikao vya hospitali vya kupitia vifo vya uzazi na vya watoto wachanga, na hivyo viendelee kama mwongozo wa wizara unavyotaka, vina kazi yake na taarifa zake. Kikao cha tawi kisivirudie. Humu hakuna jina la mgonjwa, hakuna namba ya faili, hakuna muhtasari unaokwenda kwa mwajiri. Siku moja tu maneno ya kijana yakimfikia mganga mfawidhi na kugeuka barua ya kujieleza, kikao chako kimekufa, na hakitafufuka mpaka kizazi hicho cha madaktari kihame. Mweleze mganga mfawidhi hivyo mapema, ana kwa ana, naye akubali mbele ya watu.

Halafu kiombee alama za CPD, yaani za mafunzo endelevu ya kitaaluma. Baraza la Madaktari Tanganyika linazidai wakati wa kuhuisha leseni, na daktari wa wilayani hupata taabu kuzipata, maana semina nyingi ziko Dar es Salaam na Dodoma na nauli ni yake. Tawi likisajili vikao vyake kwa utaratibu wa Baraza, mwanachama anapata mkoani kile ambacho angekisafiria. Wapo watakaokuja kwa ajili ya alama tu. Wakaribishe. Anayekuja kwa ajili ya alama anasikiliza kesi sawa na anayekuja kwa mapenzi.

Ukitaka kuona karatasi inayofanya kazi, tazama daftari la upasuaji la wanafunzi wa COSECSA, kile chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha. Hakina majengo ya kufundishia. Daktari anajifunza hospitalini, chini ya bingwa aliyekubaliwa kuwa mwalimu, miaka miwili ya mwanzo kisha mitatu ya ubingwa, na kila upasuaji anaoufanya unaandikwa: aliangalia, alisaidia, au alifanya mwenyewe huku akisimamiwa. Kila mstari una kitu kilichotendeka, na aliyekuwepo akasaini. Kwa hiyo ukishindwa kabisa kuachana na fomu, igeni hiyo: mtarajali awe na daftari dogo la mambo anayopaswa kuyafanya kwa mkono wake kabla hajaondoka, kama kuweka mrija wa kifuani, kumpumulisha mtoto mchanga asiyelia, kutoa kondo lililobaki. Mlezi anasaini tendo alilolishuhudia. Mazungumzo ya maisha yatakuja yenyewe, kwa kawaida kwenye korido, mnaporudi kutoka wodi ya wazazi.

Na hapo, Daktari, kuna jambo la kulitaja bila kuzunguka. Ulezi una mamlaka ndani yake, na mamlaka hayo yanatumika vibaya. Kuna bingwa anayemgeuza kijana kuwa mfanyakazi wa bure wa kliniki yake ya jioni. Kuna anayechukua takwimu za kijana na kuchapisha kwa jina lake. Na kuna wanaowasumbua madaktari wa kike, wakijua binti hatasema kwa sababu saini ya kumaliza utarajali iko mkononi mwa anayemsumbua. Ndiyo maana nasema mlezi asiwe yule anayesaini kumaliza kwako, wala anayekupima kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi. Kila kijana awe na walezi wawili kutoka idara tofauti, mmoja akikengeuka mwingine yupo. Mtarajali wa kike awe na daktari mwanamke wa kumfikia hata kama yuko mkoa mwingine, na hili MEWATA wanaweza kukusaidia kuliko mimi. Chama hicho cha madaktari wanawake kilianzishwa mwaka 1987, na miongoni mwa waasisi wake ni Profesa Esther Mwaikambo, anayetajwa kuwa daktari wa kwanza mwanamke nchini. Wengi tunawafahamu kwa kampeni zao za uchunguzi wa saratani ya matiti. Wasichana waliokuwa bado wanafunzi walisimama kwenye mahema yale pamoja na madaktari bingwa, foleni ya akina mama haiishi, wakichunguza na kuelekezwa papo hapo. Siku moja ya kazi ya namna ile humfunga mtu kwenye chama kuliko hotuba za mikutano mitano. Tawi lako likiweza, panga siku mbili kwa mwaka za kwenda wilaya isiyo na bingwa: mabingwa, vijana, watarajali, gari moja. Njiani mtazungumza yote.

Umesema vijana hawaoni faida ya chama. Waulize posho yao ya mwezi uliopita iliingia lini. Sina haja ya kukukumbusha mwaka 2012. Mgogoro ule mkubwa ulianza na watarajali wa Muhimbili waliodai posho zilizocheleweshwa, na sauti iliyosikika zaidi nchini ilikuwa ya Jumuiya ya Madaktari iliyoongozwa na Dkt. Steven Ulimboka, aliyetekwa na kuumizwa vibaya mwezi Juni mwaka ule. Chama cha Madaktari Tanzania kilikuwepo tangu 1965. Lakini madaktari walipobanwa, waliunda jumuiya nyingine na kuifuata. Kenya nako, mgomo wa siku 100 kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017 ulihusu makubaliano ya kazi yaliyosainiwa mwaka 2013 bila kutekelezwa, na ule wa siku 56 mwaka 2024 ulibebwa kwa sehemu kubwa na suala la watarajali, kupangiwa vituo na kulipwa. Vijana wa nchi zote mbili walijitokeza kwa wingi, walikaa vikao mpaka usiku. Kwa hiyo usikubali hoja kwamba kizazi hiki hakipendi kushiriki. Kinashiriki pale kinapoona mtu amesimama nacho.

Sikwambii tawi lako liitishe mgomo. Chama cha Madaktari si chama cha wafanyakazi, na majadiliano ya mishahara ya watumishi wa afya wa serikali yana TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, japo madaktari wengi hunung'unika kuwa humo sauti yao ni ndogo. Ninachosema ni kidogo zaidi. Mteue mjumbe mmoja wa kamati yako awe mtu wa watarajali. Kazi yake ni tatu: kujua wanapofika mkoani wanalala wapi, kujua posho imeingia au haijaingia, na ikichelewa aende yeye kwa mhasibu kuuliza, maana mtarajali akienda anaambiwa arudi kesho. Huyo mjumbe awe na simu inayopokelewa. Mtarajali aliyesaidiwa na chama kupata chumba wiki ya kwanza hatakuuliza faida ya chama.

Kundi lingine ni la waliomaliza utarajali na hawajaajiriwa. Hawa ni wengi sasa, na ni aibu yetu sote jinsi tunavyowapoteza. Mwezi mmoja mtu anaongoza wodi ya watoto wakati wa zamu, mwezi unaofuata yuko nyumbani kwa wazazi anasubiri tangazo la ajira, na chama kinamwandikia kumkumbusha ada! Mkono wa daktari unasahau upesi. Wasamehe ada, waalike kwenye kikao cha kesi, waombee kwa mganga mfawidhi nafasi za kujitolea zenye posho hata ndogo na zenye msimamizi, kwa maandishi. Hospitali binafsi za mkoani na zile za mashirika ya dini hutafuta watu wa zamu za wikiendi, lakini hupata kwa kujuana tu. Tawi likiwa na orodha iliyo safi, wataanza kukupigia wewe.

Nirudi kwenye kundi lenu la WhatsApp, maana najua mmelidharau. Linalala wiki nzima, likiamka ni msiba. Lakini hebu angalia linapoamka: kabla ya jioni kuna mweka hazina wa msiba, kuna orodha ya michango yenye majina, kuna gari la kwenda mazikoni, na mtu asiyewahi kufika kikaoni ametuma elfu hamsini. Wanachama wako hawajafa ganzi. Wanajua kushika jambo la mwenzao likiwa na jina, siku na kazi ya kufanya. Tangazo la "wanachama wote mnaombwa kuhudhuria bila kukosa" halina hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Badala yake mwandikie mtu mmoja, kwa namba yake: "Dokta, Jumatano ya tarehe 14 naomba uje na ile kesi ya kipindupindu iliyowasumbua kule kwenu, dakika kumi tu, bingwa wa tiba atatangulia." Atakuja. Na atakuja na rafiki yake.

Sasa swali lako gumu, la kuwaongoza waliokufundisha.

Usijaribu kuwa mkubwa wao. Wewe ni katibu, na katibu anaongoza kwa kuandaa: anajua tarehe, anajua nani aliahidi nini, anafuatilia bila kuchoka na bila kununa. Mzee wa miaka 58 aliyekufundisha kushika kisu hapelekewi barua. Nenda ofisini kwake asubuhi, umwamkie, ukae uulize afya yake, kisha umwombe jambo dogo lenye mwisho. Ukimwambia awe mlezi wa vijana atakubali kwa mdomo na hutamwona. Ukimwomba dakika arobaini za Jumatano fulani aeleze mgonjwa aliyemfundisha jambo, atauliza projekta iko wapi. Akishafanya mara mbili au tatu vijana wenyewe watamfuata, na hapo ulezi umeanza bila mtu kuupa jina.

Ukikutana na anayesema vijana hawafundishiki, usibishane naye. Mwache aseme mpaka amalize, mara nyingi chini ya maneno hayo kuna mtu ambaye hajashukuriwa kwa miaka mingi. Ila akisema kuheshimiwa ni haki ya mwalimu peke yake, unaweza kumkumbusha kwa adabu kiapo chetu. Tamko la Geneva la Chama cha Madaktari Duniani, la mwaka 1948, lilimtaka daktari awape walimu wake heshima na shukrani. Mwaka 2017, katika mkutano wa Chicago, sentensi hiyo ilipanuliwa: heshima na shukrani ziende kwa walimu, kwa wenzake na kwa wanafunzi wake. Wazee wengi tuliapa kwa maneno ya zamani, kwa hiyo usitushangae sana.

Wanaohitaji kulelewa katika uongozi, zaidi hata ya watarajali, ni waganga wafawidhi vijana. Hili sikuliona kwenye barua yako, na nadhani ndilo shimo kubwa kuliko yote mkoani kwako. Daktari ana miaka 29, amepelekwa hospitali ya wilaya, mwaka haujaisha anakabidhiwa ofisi. Chuoni alifundishwa malaria kali na utumbo uliojisokota. Hakufundishwa kwa nini madai ya bima yamekatwa, namna ya kuagiza Bohari ya Dawa kabla dawa hazijaisha, namna ya kumjibu diwani anayefoka kwenye kikao cha halmashauri, au namna ya kumwonya muuguzi aliyeanza kazi kabla yeye hajazaliwa. Anafanya anachokijua: anaandika barua ya onyo. Muuguzi anaipokea kwa mikono miwili, anasema "asante Daktari," na kuanzia siku hiyo hospitali nzima inafanya kazi kwa kufuata kanuni neno kwa neno, polepole.

Mganga mkuu wa wilaya mstaafu angemwambia kwa simu ya dakika tano: usiandike. Nenda wodini kwake saa ya chai, mwite mama kama unavyomwita siku zote, mwambie "Mama, daftari la dawa za kulevya limekosa saini usiku mara tatu, mkaguzi akija tunaumia wote, unanishauri tufanyeje?" Atakupa jawabu, na kuanzia hapo jawabu ni la kwake, atalilinda. Barua ipo, haikimbii, utaiandika mara ya pili ikibidi.

Maarifa hayo hayapo kwenye kitabu chochote, yapo kwa wastaafu walioko mkoani kwako wakifuga ng'ombe na kupogoa miparachichi. Tawi linawasahau siku ileile wanapokata keki ya kuagwa. Watafute watano. Waombe namba zao na saa wanazokubali kupigiwa, wape waganga wafawidhi vijana karatasi hiyo. Hakuna fomu, hakuna posho, ila mara moja kwa mwaka waiteni wote, muwape chakula kizuri na kiti cha mbele. Wengine watakataa kupokea simu baada ya wiki mbili, ni kawaida, badilisha majina.

Wewe pia tafuta wa kukulea. Asiwe mwenyekiti wako. Mtu aliyewahi kuwa katibu, wa chama chochote, hata cha ushirika, ambaye utamwambia ukweli kwamba umechoka.

Na chagua sasa hivi kijana mmoja kati ya watarajali au madaktari wa mwaka wa kwanza awe msaidizi wako wa kweli. Mpe kazi inayoonekana: aendeshe kikao cha kesi akiwa mwenyekiti, mabingwa wakikaa upande wa wasikilizaji. Atababaika, atapitisha muda, atamkatiza mzee vibaya. Usimnyang'anye. Mwambie pembeni baada ya kikao, na mwezi ujao mpe tena.

Imebaki ada. Miezi sita ya kwanza usiizungumze kikaoni kabisa, hata kama makao makuu wanakukumbusha. Wajibu kwa adabu kuwa unajenga tawi. Wakati huo mweka hazina abandike kila mwezi karatasi moja kwenye mlango wa chumba cha madaktari: kilichoingia, kilichotoka, salio. Hata kama kilichotoka ni maji ya kunywa na nauli ya mtarajali aliyefiwa. Watu wakishaona karatasi hiyo mara kadhaa, na wakiwa wamekaa kwenye vikao vya kesi, ndipo uombe, na uombe kwa mafungu: mwezi huu bingwa, mwezi ujao daktari wa kawaida, mtarajali robo. Wasio na ajira waandikwe sifuri kwenye safu ya ada na majina yao yabaki kwenye orodha, kwa mwandiko uleule.

Ukimaliza robo ya kwanza ya mwaka niandikie. Nitapenda kujua kwanza ni mabingwa wangapi walikubali kutangulia na kesi zilizowashinda, na ni nani aliyekataa kabisa, maana huyo nina namna ya kumwendea.